Kutoka Namba Tisa Hadi Namba Moja

Kila asubuhi nyumbani kwetu siku ilianza kwa ugomvi wa bafu. Bafu ni moja, na sisi tunaoishi ghorofa ya tatu ni watano: Bibi Tanha, Mama, Mjomba Zeca, mwanawe Milson, na mimi, Nereida. Milson akishaingia bafuni husahau kwamba kuna watu wengine duniani.

"Toka bwana! Hata bi harusi hakai humo hivyo!" nilipiga mlango.

"Subiri zamu yako, kinyago we!"

Bibi alikuwa jikoni akitukaripia kwa Kikrioli chetu cha visiwa vya Kepuvede, lugha pekee anayoijua, ingawa ameishi hapa Brockton, Marekani, miaka kumi na tisa. Kwa Bibi, Milson na mimi hatukuwa mabinamu. Alituogesha beseni moja, akatulisha kijiko kimoja, na kanisani akiulizwa ana wajukuu wangapi hujibu, "Hawa wawili ni wanangu." Ndivyo ilivyo kwa watu wetu. Hakuna anayekaa kuchambua nani katoka tumbo la nani.

Milson alikuwa darasa la saba katika Shule ya Ashgrove, nami nilikuwa namaliza la tano. Ashgrove ni shule ya mkataba. Ni ya umma na haina ada, ila inajiendesha yenyewe, na wanaoitaka ni wengi kuliko viti vyake. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa tatu majina ya waombaji huingizwa kwenye bahati nasibu. Milson alikuwa amepewa tarumbeta kule, na kila jioni aliipuliza vibaya mno. Mimi nilijua kwamba ningeipuliza vizuri. Niliitaka shule hiyo mpaka nikawa naiota.

Rafiki yangu Soraia, wa ghorofa ya kwanza, naye aliomba. Mama yake, Dona Filó, alijaza fomu siku ileile Mama alipojaza yangu, wote wawili wakiwa wamejikunja juu ya simu zao mezani kwetu.

Siku ya bahati nasibu ukumbi wa Ashgrove ulijaa. Bibi alikuja na rozari yake. Alidhani tutapewa kadi za kukwangua kama zile anazonunua dukani kila Ijumaa. Badala yake kulikuwa na kompyuta moja, ukuta mweupe wa kuonyeshea majina, na mama mmoja mwenye nywele za mvi, Bi. Delaney, karani wa usajili.

"Viti vya darasa la sita ni sabini," alitangaza. "Kati ya hivyo, thelathini na kimoja vimeshachukuliwa."

Ukumbi mzima uliguna. Baba mmoja nyuma yetu akasimama. "Bahati nasibu gani hii? Chakula kimeliwa nusu kabla hakijapikwa!"

Bi. Delaney alieleza kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo hilo kila mwaka. Mtoto mwenye kaka au dada anayesoma hapo, waliozaliwa na baba mmoja au mama mmoja, hutangulia. Wengine wote huchaguliwa na kompyuta. Viti vikiisha, kompyuta huendelea kutaja majina, na hiyo ndiyo huwa orodha ya kusubiri. Mtu akijitoa, wa kwanza kwenye orodha huitwa.

Nilimtafsiria Bibi haraka haraka, maana majina yalikuwa yameanza kupita ukutani. Kiti cha sitini. Cha sitini na tano. Cha sabini. Jina langu halikuwepo, wala la Soraia. Kisha ukuta ukaandika: *Kusubiri, 1: Soraia Pires.* Soraia alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Mimi nilitokea namba tisa.

Tulirudi nyumbani tukiwa hatujui tucheke au tulie. Jioni Dona Filó alipanda ngazi kuja kumuuliza Mama.

"Lucinda, hebu niambie. Namba moja maana yake mwanangu kaingia au hajaingia?"

"Maana yake yuko mlangoni."

"Mlango wenyewe umefungwa au uko wazi?"

Mama alifikiri. "Hilo sijui, dada."

Wakamwita Mjomba Zeca, ambaye anajua kila kitu. Naye akaongea dakika ishirini, na alipomaliza hakuna aliyekuwa anajua zaidi ya alipoanza.

Mwezi wa nne ulianza bila namba yoyote kusogea. Nilikuwa nikichungulia ukurasa wa shule kwenye simu ya Mama kila siku. Tisa. Tisa. Tisa. Siku moja Milson alinikuta.

"We bado unakodolea hiyo tisa? Kina Barros wameingia wote wawili, eti kwa sababu kaka yao yuko darasa letu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Si una mimi hapa?" Akajipiga kifua. "Jina letu moja, Tavares. Nyumba moja. Kwa bahati mbaya, hata bafu ni moja."

Alikuwa anatania, kisha akaenda zake kupuliza tarumbeta. Mimi nilibaki na simu mkononi. Kwenye ukurasa kulikuwa na mahali pa kuongeza taarifa mpya. Nikapafungua. Swali lilikuwa wazi: *Je, mwombaji ana kaka au dada anayesoma hapa?* Chini yake, kwa maandishi madogo: *aliyezaliwa na angalau mzazi mmoja wa mwombaji.* Mama alikuwa amejibu hapana.

Nilisoma maandishi madogo mara mbili. Nilijiambia kwamba Bibi husema Milson ni kaka yangu, na Bibi hasemi uongo. Nilijiambia pia kwamba watu walioandika swali lile hawawajui watu wetu. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado nilijua swali lilikuwa linauliza nini. Nikaweka tiki penye ndiyo, nikaandika jina kamili la Milson, Edmilson Tavares, nikatuma.

Baada ya siku tatu barua pepe ilifika: namba yangu mpya ni moja.

"Nere!" Mama alipiga kelele. "Umetoka tisa mpaka moja! Imekuwaje?"

"Orodha imesogea," nilisema.

"Imesogea watu wanane kwa siku moja?"

"Ndivyo zinavyokwenda."

Mama alinitazama kidogo, kisha akacheka na kunikumbatia. Nani angebisha? Hakuna mtu nyumbani mwetu aliyeelewa namba zile, na kwa sababu hakuna aliyeelewa, hakuna aliyeuliza zaidi. Nilijificha humo humo ndani ya kutoelewa kwao.

Lakini jioni hiyohiyo nilimkuta Soraia amekaa kwenye ngazi, simu ya mama yake magotini. Dona Filó alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Foleni ya wapi hii inayorudi nyuma?" alifoka. "Jana mwanangu wa kwanza, leo wa pili! Hata foleni ya mkate ina adabu kuliko hii! Kompyuta yao imelewa nini?"

Soraia hakufoka. Aliniinulia macho tu. "Nani kanipita, Nere? Wewe unajua mambo ya simu. Mtu anawezaje kunipita wakati hata mlango haujafunguliwa?"

"Sijui," nilisema.

Neno hilo moja lilinichoma kuliko tiki yenyewe.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Furaha ilikuja ikachanganyika na hofu, nikawa sijui ninahisi nini. Nikimwona Soraia nilitaka kukimbia, na asipokuja kunitafuta nililia. Tarumbeta ya Milson ikawa inaniudhi. Nilitamani shule inipigie simu, na simu ikilia nilitamani isiwe wao.

Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, ikawa wao. Familia moja ilikuwa imehamia jimbo jingine, na kiti kimepatikana. Tulitakiwa kufika ofisini na karatasi ndani ya siku tatu, la sivyo ataitwa anayefuata. Mama alipiga vigelegele jikoni. Bibi akapika kachupa ya mahindi na maharage, chakula cha Jumamosi, katikati ya wiki.

"Wapelekee na kina Filó," Mama alinipa bakuli. "Furaha hailiwi peke yake."

Nilishuka ngazi polepole, kama mtu anayebeba maji ya moto. Mlango wa kina Soraia ulikuwa wazi. Sebuleni kulikuwa na sanduku kubwa la safari, na Soraia alikuwa akikunja sweta.

"Mnakwenda wapi?"

Dona Filó alipokea bakuli, akajaribu kutabasamu. "Mimi siendi. Ni huyu. Kazini wananihamishia zamu mpya, nitoke saa kumi na moja alfajiri, nirudi jioni. Ashgrove wanakaa na watoto mpaka jioni. Ile shule nyingine inawatoa saa nane mchana. Nitamwacha na nani, mwanangu? Baba yake kule New Bedford amekubali kumchukua."

"Lakini yuko namba mbili!"

"Namba mbili hailei mtoto," alisema Dona Filó. "Na hongera zako. Mama yako kaniambia."

Soraia alikunja sweta, akaikunjua, akaikunja tena. "Mimi sitaki kwenda," alisema.

Siku ya Alhamisi Mama alikuwa na zamu mbili kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kwa hiyo Bibi ndiye aliyenipeleka. Alivaa gauni lake la kanisani. Ofisini Bi. Delaney alitupa viti na peremende, akafungua faili langu.

"Nina cheti chako cha kuzaliwa na bili ya umeme. Vizuri. Kilichobaki ni cha kaka yako Edmilson, tuone jina la mzazi." Akapekua kabati. "Hakipo kwenye faili lake. Muulize bibi yako: Edmilson ni mtoto wa nani?"

Nikamgeukia Bibi na kumuuliza kwa Kikrioli.

Bibi alijibu bila hata kupepesa macho. "Milson ni wa Zeca. Wewe ni wa Lucinda. Lakini mwambie wote nimewalea mimi, wote ni wangu."

Bibi alikuwa amesema ukweli wote, mchana kweupe, mbele ya karani wa usajili, na karani hakuelewa hata neno moja. Ukweli ule ulikuwa umefika kwangu na kusimama. Mtu pekee aliyeweza kuuvusha upande wa pili wa meza alikuwa mimi.

"Anasema..." Niliigeuzageuza peremende mkononi. "Anasema wote ni wake."

"Ah, vizuri sana," alisema Bi. Delaney. Alimtabasamia Bibi, naye Bibi akamtabasamia, wazee wawili waliopendana bila kusikilizana. "Basi cheti mtakileta wiki ijayo. Nikiandike kiti hiki sasa?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikamwona Soraia na ile sweta yake.

"Sikutafsiri yote!" Nilisema kwa sauti kubwa hadi mwalimu aliyekuwa akipita mlangoni akasimama. "Bibi amesema Milson ni mtoto wa mjomba wangu. Ni binamu yangu. Mama alijaza hapana. Mimi ndiye niliyebadilisha, kwa simu yake. Yeye hajui. Bibi naye hajui."

Bi. Delaney aliweka kalamu chini. Nilisubiri anifokee, lakini hakufoka.

"Uliyasoma maandishi madogo?"

"Niliyasoma. Mara mbili."

"Cheti kingeniambia wiki ijayo," alisema. "Lakini ni afadhali umeniambia wewe. Wiki ijayo ningekuwa nimeshampigia anayefuata kumwambia hakuna nafasi." Akageuza kompyuta yake. "Tiki hii naifuta. Unarudi mahali pako. Ulikuwa wa tisa. Wawili wa mbele yako wamejitoa, kwa hiyo sasa wewe ni wa saba. Na nitampigia mama yako, lazima ajue."

"Kuna nini?" Bibi aliniuliza. "Mbona mama wa watu kanuna?"

Ikabidi nitafsiri tena, safari hii dhambi yangu mwenyewe, neno kwa neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akabana mkoba wake kwapani.

"Kwa hiyo mimi nimesema kweli," alisema, "na wewe ukaimeza kinywani mwako, mbele yangu." Hakuongeza lolote njia nzima.

Mama aliongeza. Aliporudi kutoka kazini alikuwa ameshapata simu ya Bi. Delaney, na hakuvua hata koti.

"Simu yangu! Jina langu! Umenifanya mwongo nami nikiwa nimelala!" Alipomaliza kufoka alinyoosha kidole chini. "Sasa shuka. Kamwambie Soraia kwa mdomo wako. Sikusindikizi."

Soraia alinisikiliza akiwa ameshika kitasa cha mlango.

"Miezi miwili, Nere," alisema. "Miezi miwili nilikuwa nikiangalia watu kanisani, nikijiuliza ni nani. Na wewe ulikuwa umekaa benchi moja na mimi." Akafunga mlango. Hakuubamiza, na afadhali angeubamiza.

Asubuhi yake, kabla hata ugomvi wa bafu haujaisha, sauti ya Dona Filó ilipanda kutoka ghorofa ya kwanza mpaka kwetu. "Wamempigia! Yesu na Maria, wamempigia!" Bibi alianza kucheza jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilifurahi, kweli kabisa, na palepale nililia kwa ajili ya tarumbeta. Vyote viwili vilikuja pamoja, na sikujua nikifute kipi.

Mama alinikuta nimejiinamia kitandani. Hasira yake ilikuwa imepoa. Alikaa karibu yangu.

"Nami nilikosa," alisema.

"Wewe ulikosa nini, Mama?"

"Namba iliporuka watu wanane kwa siku moja, moyo uliniambia niulize. Sikuuliza. Nilipenda kutoelewa, kwa sababu kulinifaa." Alinifuta machozi kwa kiganja cha mkono wake. "Sikiliza. Jambo usilolielewa, liulize, hasa likija limekupendelea. Na nafasi ya mwenzio usiichukue kwa tiki wala kwa kisu, ni wizi uleule. Ungeenda Ashgrove ungekuwa kama mtu aliyekalia kiti cha wenyewe kwa nusu tako, kila mlango ukifunguliwa unaruka. Kiti cha uongo hakikaliwi chote, Nere."

Sanduku la kina Soraia lilirudi chini ya kitanda. Wiki ya pili Soraia alipanda ngazi, akasimama mlangoni kwetu bila kuingia.

"Mama anasema niache hasira," alisema. "Mimi bado ninayo. Lakini nje kuna joto na sina mtu wa kwenda naye bwawani."

Nikachukua taulo kabla hajamaliza kusema.

Mwezi wa nane namba yangu, iliyokuwa imeshuka hadi sita Soraia alipoingia, ikageuka saba. Mama alishtuka, akaniita. Safari hii nilimweleza kwa ukweli: mtoto mwenye kaka au dada halisi ameomba, naye ana haki ya kutangulia. Baadaye ikawa sita, halafu nne. Majirani walioomba shule kama hizo walianza kuja kwetu kuuliza namba zao zina maana gani, na Dona Filó ndiye aliyekuwa akiwatuma. "Nendeni kwa Nereida," aliwaambia. "Yeye aliisoma orodha ile mpaka ikamng'ata."

Shule zilipofunguliwa nilikuwa bado namba nne. Soraia alipanda basi la Ashgrove, mimi nikapanda langu kwenda ile shule nyingine. Mwalimu alinionyesha dawati la safu ya tatu, karibu na dirisha. Kiti chake kilikuwa na mguu mmoja mfupi, kikawa kinayumba kila nilipojigeuza. Nilikikalia chote.